Ukishindwa kesi Bwera, rufaa unaipeleka wapi?

Mtu akishindwa kesi ya shamba Bwera, wilayani Kasese, Uganda, ushauri humfikia kabla hajatoka hata kwenye uwanja wa mahakama. Shemeji anasema jambo lipelekwe Kampala, kwa sababu huko ndiko waliko majaji wakubwa. Jirani anasema Fort Portal, maana kesi ya baba yake iliishia huko. Kijana aliyesoma anataja Arusha. Na mama anayeuza nguo Mpondwe anauliza kama mdeni wake aliyehamia Kasindi, upande wa Kongo, ameshaponyoka. Wote wana nia njema. Wengi wao wanakosea, na kosa lao hula siku ambazo sheria imezihesabu.

Kanuni yenyewe ni fupi: rufaa huifuata mahakama iliyotoa hukumu. Haijali unaishi wapi, wala wakili wako ana ofisi mji gani. Na mahakama iliyotoa hukumu nayo ilipata kesi hiyo kwa sababu ya mahali: shamba liko wapi, mdaiwa anaishi wapi, au jambo lilitokea wapi. Kwa hiyo swali la "wapi" huamuliwa siku kesi inapofunguliwa. Anayelisubirisha hadi siku ya rufaa mara nyingi hukuta mlango umeshafungwa.

Soma kichwa cha hukumu

Kabla ya kutafuta wakili au nauli, omba nakala ya hukumu uisome ukurasa wa kwanza. Kumbukumbu za mahakimu na za Mahakama Kuu ya Uganda huandikwa kwa Kiingereza. Kama lugha hiyo inakusumbua, mpe mtoto wa sekondari akusomee, maana mistari ya juu haihitaji mwanasheria. Wa kwanza hutaja Jamhuri ya Uganda. Unaofuata hutaja mahakama na mahali ilipoketi: ni ya hakimu wa daraja la kwanza, ya hakimu mkuu, au ni Mahakama Kuu? Chini yake kuna namba ya kesi na mwaka, kisha majina ya wadaawa. Mwishoni utaona jina la aliyeamua, cheo chake na tarehe.

Unatafuta mambo matatu hapo: daraja, mahali na tarehe. Daraja litakuambia kesi inapanda kwenda mahakama gani. Mahali patakuambia uende masijala ipi. Tarehe itakuambia umebakiwa na siku ngapi.

Angalia pia kama namba ile ni ya kesi ya kawaida au ya rufaa. Ikiwa hakimu mwenyewe alikuwa anasikiliza rufaa iliyotoka chini, kupanda tena kuna masharti magumu zaidi, na mara nyingi utatakiwa kuomba ruhusa kwanza.

Ijue ngazi unayoipanda

Chini kabisa kuna mahakama za LC, yaani za mabaraza ya mitaa, zinazoongozwa na sheria ya mwaka 2006. Hukumu ya LC1 ya kijiji hukatiwa rufaa LC2 ya parishi. Ya LC2 hupanda LC3, yaani gombolola, divisheni au mji mdogo kama Mpondwe-Lhubiriha. Ya LC3 hupanda kwa hakimu mkuu. Kutoka kwake unaweza kwenda Mahakama Kuu, lakini kwa ruhusa tu. Migogoro ya ardhi ya kimila ina njia yake: tangu Sheria ya Ardhi iliporekebishwa mwaka 2004, huanzia LC2.

Kila ngazi hapo inasimama juu ya ardhi ile ile. LC2 ya parishi iliyo ndani ya Divisheni ya Nyamwamba, pale Kasese mjini, haiwezi kupokea rufaa ya kijiji cha Bwera, hata kama mwenyekiti wake ni mzee wa ukoo anayeheshimiwa na pande zote mbili. Anaweza kuwapatanisha, na upatanisho ni jambo jema. Lakini akiandika "hukumu", karatasi hiyo haina nguvu. Kwa mahakama za LC, kesi hufunguliwa anapoishi mdaiwa au jambo lilipotokea, na kama ni ardhi, pale ardhi ilipo. Magombolola na miji midogo mipya imeongezeka katika miaka hii, kwa hiyo usitegemee mipaka ya enzi za babu. Mwombe mwenyekiti wa LC1 barua inayotaja kijiji, parishi na gombolola ya shamba kama zilivyo leo.

Juu ya LC kuna mahakimu. Hakimu wa daraja la kwanza husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 20, na hakimu mkuu yasiyozidi milioni 50. Hapa ndipo wengi hupotea. Kesi iliyoanzia kwa hakimu wa daraja la kwanza haipandi kwa hakimu mkuu, hata kama ofisi zao ziko jengo moja na wanakunywa chai pamoja. Huenda moja kwa moja Mahakama Kuu, sawa na ile iliyoanzia kwa hakimu mkuu. Anayeshughulikiwa na hakimu mkuu kwenye rufaa ni yule wa daraja la pili, pamoja na LC3.

Kasese au Fort Portal?

Kwa miaka mingi watu wa Kasese walizibeba rufaa zao hadi Fort Portal, zaidi ya kilomita 70 kutoka Kasese mjini. Aliyetoka Bwera alikuwa na kipande kingine kirefu cha barabara kabla hata hajafika Kasese. Siku hizi Kasese ina sakiti yake ya Mahakama Kuu, na rufaa kutoka kwa mahakimu wa eneo hilo zinapelekwa hapo. Jirani yako hakukudanganya. Anakueleza habari za zamani.

Kama rufaa yako ilifunguliwa Fort Portal siku nyingi na bado haijaamuliwa, usidhani imehamia Kasese yenyewe. Chukua namba ya kesi uende masijala ya Kasese ukaulize kama jalada limefika. Kama halijafika, uliza Fort Portal liko kwa jaji gani. Usifungue rufaa ya pili juu ya jambo lile lile kwa kudhani ya kwanza imepotea, maana upande wa pili utakukamata kwa hilo.

Kuna jambo moja la kukutuliza moyo. Mahakama Kuu ya Uganda ni moja kwa nchi nzima. Ibara ya 139 ya Katiba inaipa mamlaka ya kusikiliza mashauri yote pamoja na rufaa kutoka mahakama za chini. Ibara ya 138 inamtaka Jaji Mkuu kupanga mahali pa kuketi ambapo wananchi wanaweza kufika. Sakiti ni mgawanyo wa kazi ndani ya mahakama hiyo moja. Watu wa Kasese walilishuhudia hili wazi baada ya mapambano ya Novemba 2016 kati ya vikosi vya usalama na walinzi wa ufalme wa Rwenzururu. Mfalme wake, Omusinga Charles Wesley Mumbere, alifikishwa mahakamani Jinja, upande wa pili wa nchi, na Januari 2017 Mahakama Kuu iliyoketi huko ndiyo iliyosikiliza ombi lake la dhamana. Mashtaka yalifutwa mwaka 2023.

Kwa hiyo ukikosea sakiti, kwa kawaida jalada huhamishwa na rufaa yako haifi kwa hilo pekee. Lakini kuhamishwa huchukua miezi, na shamba halikungojei. Ipeleke mahali pake tangu mwanzo.

Kwa mahakimu mambo ni tofauti kabisa. Kila hakimu ana eneo lake, na mpaka wa eneo hilo ndio mpaka wa mamlaka yake. Katika kesi ya Kagenyi dhidi ya Musiramo ya mwaka 1968, Mahakama Kuu ya Uganda iliweka msingi ambao bado unatumika: kesi iliyofunguliwa katika mahakama isiyo na mamlaka haiwezi kuhamishwa kwenda kwenye mahakama yenye mamlaka. Hakuna cha kuhamisha, kwa sababu kisheria hakuna kesi. Inabidi uanze upya, ada mpya na mashahidi wale wale.

Thamani ya ardhi huamua urefu wa safari

Watu wengi hudhani umbali wa kwenda kwenye rufaa hutegemea wanakoishi. Mara nyingi hutegemea bei ya ardhi.

Chukua kiwanja chenye hati Kasese mjini, kando ya barabara kuu, chenye thamani ya shilingi milioni 80. Kimevuka kiwango cha hakimu mkuu, kwa hiyo kesi yake huanzia Mahakama Kuu. Ukishindwa hapo, rufaa inakwenda Mahakama ya Rufaa, yenye makao yake Kampala. Sasa chukua shamba la kahawa la kimila kule Kyarumba, lisilo na hati. Kwa mashauri yanayotawaliwa na sheria ya kimila peke yake, hakimu mkuu na hakimu wa daraja la kwanza hawafungwi na kiwango cha thamani. Kesi kama hiyo ikiamuliwa na mmoja wao, rufaa ya kwanza inakwenda Mahakama Kuu, Kasese.

Basi unapofungua kesi usipandishe thamani ya ardhi ili uonekane mkubwa, wala usiishushe ili ulipe ada ndogo. Ukiipandisha, unajipeleka Kampala kwa hiari yako. Ukiishusha, mpinzani atakuja na mthamini, na mahakama uliyoichagua itaonekana haikuwa na uwezo.

Mahakama ya Rufaa nayo ni moja. Husafiri kusikiliza mashauri nje ya Kampala, zikiwemo Fort Portal na Mbarara, na Idara ya Mahakama imekuwa ikijenga vituo vya mikoa Gulu na Mbarara. Mahali inapoketi hapabadilishi mamlaka yake: ni majaji wale wale na sheria ile ile. Huwezi kudai usikilizwe Mbarara kwa sababu ni karibu, lakini wakili wako anaweza kufuatilia kesi yako imepangwa kikao kipi.

Pingamizi la mahali lina wakati wake

Tuseme umeshtakiwa Fort Portal kwa shamba lililo Bwera. Umekwenda, umejitetea, umeleta mashahidi, umeshindwa. Ndipo mtu anakunong'oneza kwamba kesi ilipaswa kufunguliwa kwenye eneo la shamba. Je, unaweza kuishinda rufaa kwa hoja hiyo peke yake?

Kwa kawaida, hapana. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Uganda inaizuia mahakama ya rufaa kukubali pingamizi la mahali mpaka mambo mawili yathibitike: kwamba ulilitoa kwenye mahakama ya kwanza, na kwamba kosa hilo limesababisha haki kupotea. Ukikaa kimya, umekubali. Sheria haikuruhusu uweke karata mkononi, usubiri matokeo, kisha uitoe ukishindwa.

Usilichanganye hili na kukosa uwezo kwa daraja au kwa aina ya kesi. Hakimu wa daraja la kwanza akiamua kesi ya ardhi yenye hati ya shilingi milioni 60, hilo si suala la mahali tu. Hakuwa na uwezo huo kabisa, na hukumu isiyo na uwezo ni batili. Hoja hiyo unaweza kuitoa wakati wowote, hata kwenye rufaa. Ziko nyakati ambapo njia sahihi ni kuomba marejeo Mahakama Kuu, ambayo inaweza kuita jalada la hakimu aliyetumia mamlaka asiyokuwa nayo na kulirekebisha.

Ukipata hati ya wito, basi, isome siku hiyo hiyo na ujiulize: shamba liko eneo la mahakama hii? Naishi hapa? Makubaliano yalifanyika hapa? Kama majibu yote ni hapana, liseme kwenye utetezi wako wa kwanza kwa maandishi, na hakikisha limeingia kwenye mwenendo wa kesi. Ukilisema kwa mdomo kwenye korido, halina shahidi.

Mto ukihamisha mpaka

Nyamwamba ni mto wenye hasira. Mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yaliteremsha mawe kutoka Rwenzori, yakabomoa nyumba na madaraja upande wa Kilembe na Kasese mjini, na mto ukajichimbia njia mpya. Mahali ambapo mto au kijito ndicho kilikuwa mpaka wa vijiji, shamba moja linaweza kuamka likiwa na vipande pande zote mbili, na wenyeviti wawili wa LC1 kila mmoja akidai ni lake.

Kwa mahakama za hakimu, sheria imeliona hili. Mali isiyohamishika ikiwa ndani ya maeneo ya mahakama mbili, unaweza kufungua kesi katika yoyote ambayo kipande cha mali hiyo kimo ndani ya eneo lake. Chagua moja. Ukifungua zote mbili kwa tahadhari, mpinzani ataomba moja isimamishwe, na ada yako imekwenda na maji.

Halafu omba mahakama ije kuliona shamba. Siku hiyo lete wazee wanaojua mkondo wa zamani, onyesha mche wa mpaka uliobaki, ukuta wa zamani wa nyumba au shimo la mchanga lililochimbwa kabla ya mafuriko. Hakikisha hakimu au karani anaandika kila alichoonyeshwa na nani alisema nini. Mahakama ya rufaa haitakuja Nyamwamba kukanyaga mawe. Itasoma kilichoandikwa, na kisichoandikwa siku ile hakitakusaidia Kasese wala Kampala.

Ng'ambo ya Lhubiriha

Kati ya Mpondwe na Kasindi mto Lhubiriha ni mwembamba, lakini kisheria ni mpana. Watu ni ndugu, lugha inafanana, soko ni moja, na madeni huvuka kama bidhaa zinavyovuka. Mahakama hazivuki.

Mama wa nguo aliyedhulumiwa na mdeni wa Kasindi bado ana njia. Kama makubaliano yalifanyika Mpondwe, au bidhaa zilikabidhiwa hapo, sababu ya madai imetokea Uganda, na mahakama ya upande huu inaweza kumsikiliza. Ila ataomba kwanza ruhusa ya kumpelekea mdaiwa hati nje ya nchi, kabla ya kumtuma mtu na karatasi. Akishinda, kuikaza hukumu hiyo dhidi ya nyumba au gari lililoko Kongo ni kazi nyingine, na mahakama za huko zina utaratibu wao. Kwa hiyo aangalie mapema kama mdeni ana mali yoyote upande wa Uganda.

Ardhi ikiwa Kasindi, usipoteze muda wako Kasese. Kasindi iko wilaya ya Beni, Kivu Kaskazini, na kesi ya ardhi ya huko hupanda ngazi za Kongo mwanzo hadi mwisho. Hakuna jaji wa Uganda anayeweza kuisikiliza kwa rufaa.

Na Arusha? Zamani ilikuwepo mahakama moja ya rufaa ya Afrika Mashariki, na shauri kutoka Uganda lingeweza kuamuliwa nayo pamoja na yale ya Kenya na Tanzania. Mahakama hiyo ilikwisha pamoja na Jumuiya ya zamani mwaka 1977. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, iliyozinduliwa mwaka 2001, haikuirithi kazi hiyo. Inasikiliza mashauri ya mkataba wa Jumuiya, ambayo Kongo nayo ilijiunga nayo mwaka 2022. Haipokei rufaa ya shamba kutoka Kasese wala Goma. Mwisho wa ngazi yako ni Mahakama ya Juu ya Uganda, na kwa kesi iliyoanzia kwa hakimu, hufiki huko mpaka ithibitishwe kwamba kuna hoja ya sheria yenye umuhimu mkubwa kwa umma.

Siku zako, na dirisha lako

Ukijua mahali, zimebaki siku. Hizi ndizo za kukariri:

- Kutoka LC moja kwenda LC ya juu: siku 14.
- Kesi ya madai, kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu: siku 30. Muda ambao mahakama imetumia kuandaa nakala za dikrii na mwenendo wa kesi hauhesabiwi, kwa hiyo omba nakala kwa barua mapema na uitunze nakala ya barua yako.
- Kesi ya jinai, kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu: notisi ndani ya siku 14. Aliye gerezani humkabidhi mkuu wa gereza, naye huipeleka.
- Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa: notisi ndani ya siku 14, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi hiyo. Barua ya kuomba mwenendo wa kesi iandikwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na mpinzani apewe nakala yake.

Angalia pia dirisha. Rufaa ya madai kutoka kwa hakimu hufunguliwa masijala ya Mahakama Kuu. Ukiiacha kwa karani wa hakimu Bwera, inaweza kulala hapo hadi siku zipite. Kwa Mahakama ya Rufaa ni kinyume: notisi huwasilishwa kwa msajili wa Mahakama Kuu ile ile iliyokuhukumu, kwa hiyo huhitaji kukimbilia Kampala ndani ya zile siku 14.

Mwisho, kumbuka kwamba rufaa peke yake haizuii utekelezaji. Mshindi anaweza kuja na dalali wa mahakama wakati rufaa yako iko mezani kwa jaji. Andamanisha rufaa na ombi la kusimamisha utekelezaji wa hukumu.

Ukifika dirishani, muulize karani maswali manne: rufaa ya hakimu huyu inapokelewa hapa? Siku zangu zinaisha lini? Ada ni kiasi gani, na inalipwa wapi? Jalada la chini litaitishwa na nani? Akikujibu kwamba si hapa, muombe akutajie masijala yenyewe, na uondoke siku hiyo hiyo. Akikubali kupokea, usitoke mpaka nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Upande wa pili ukija kudai ulichelewa, utaonyesha muhuri huo.